Maji Matamu kwa Mheshimiwa

Jumatatu, 4 Machi

Mke wangu bado yuko kwa kaka yake. Nimempigia asubuhi. Kasema analala vizuri, anakunywa maji vizuri, figo imetulia. Sikumuuliza kama ananikumbuka, maana angenijibu.

Niandike chanzo, ili siku moja nikisomwa haki yangu ijulikane. Daktari alimkuta na kijiwe kwenye figo, akamwambia anywe maji mengi, mengi mno. Maji ya jengo letu ni ya kisima. Yana chumvi, ukipikia chai maziwa yanakatika. Mke wangu alijitahidi, kila glasi anafumba macho kama mtoto anayenyweshwa dawa. Ndipo shemeji akatokea na gari lake. Kwake kuna mashine ya kuchuja maji, dada yake aje apumzike kidogo. Hajamaliza kusema, mke wangu ameshafungasha. Ugonjwa naukubali. Iliyoniuma ni ile haraka.

Jioni shemeji kanipigia mwenyewe, kwa ile sauti yake ya huruma ambayo siipendi hata kidogo. Eti nikitaka atanitumia fundi wake, anifungie mashine kama ya kwake. Nilimshukuru, nikamwambia asijisumbue, mpango ninao. Sikuwa na mpango wowote.

Sasa ninao. Nitafunga mashine mwenyewe, kwa mikono yangu miwili, na mke wangu atarudi kwa mumewe.

Jumanne, 5 Machi

Mashine nimepata! Saluni ya mtaa wa nyuma imefilisika, vitu vyake vimepangwa barazani: vioo, viti vinavyozunguka, na pale kwenye kona, chini ya taulo, mashine ya kuchuja maji. Mwenye saluni kaniapia kwamba ilitumika tu kuchuja maji ya kuoshea nywele za wateja. Sioni ubaya wake. Nywele ni sehemu ya mtu.

Kitabu cha maelekezo ni fotokopi. Mashine yenyewe ni ya osmosisi ya kinyume. Nimelisema neno hilo kwa sauti jikoni, mara kadhaa, likanipa nguvu. Maana yake nimeielewa upesi: maji yanasukumwa kwenye utando mwembamba sana, yaliyo safi yanapenya, na yanayobaki nyuma, pamoja na chumvi yote, yanatolewa ya kumwagwa. Kwa hiyo kuna mipira mitatu ya kupitishia maji. Mweupe unaingiza maji kutoka bombani. Miwili inatoa, mmoja mwekundu na mmoja wa bluu. Upi wa kunywa na upi wa kumwaga? Kwenye picha yote ni myeusi, kwa sababu ya fotokopi.

Mtu wa kawaida hapa angekwama. Mimi nilitazama tu chini ya sinki. Tangu tuoane, ndoo nyekundu ni ya maji ya kunywa, ya bluu ni ya kupigia deki. Ni sheria ya mke wangu. Mwaka juzi nilichota maji ya kunywa kwa ndoo ya bluu, tukanuniana wiki nzima. Basi mpira mwekundu ni wa kunywa, wa bluu ni wa uchafu. Mara hii nimefuata utaratibu wake bila kukumbushwa. Natumaini ataliona hilo.

Alhamisi, 7 Machi

Siku mbaya.

Kile kiungio cha kuunganisha mpira mweupe na bomba la jikoni kina meno kwa ndani. Mdomo wa bomba langu nao una meno kwa ndani. Vitu viwili vyenye meno ya ndani haviingiliani, hata ukivibembeleza. Nilivibembeleza mchana kutwa, nikiwa nimeomba ruhusa kazini kwa sababu za kifamilia. Mwishowe nikakata tyubu ya baiskeli, nikafunga kwa waya, nikafungua maji.

Tyubu ilishika kwa muda wa kutosha kunipa matumaini. Kisha ikachomoka. Maji yakapiga dari, yakapiga kalenda, yakanipiga mimi, na koki ya chini ya sinki ikakataa kufunga kwa kuwa haijaguswa tangu jengo lijengwe. Nilikaa nimeziba bomba kwa kiganja, namsubiri Mungu.

Aliyekuja ni Mheshimiwa. Huyu ni jirani wa chini, mwenyekiti wa kamati ya wapangaji. Jina nimempa mimi, kwa kejeli, lakini siku hizi jengo zima wanamwita hivyo kwa heshima. Tuligombea naye uenyekiti mwaka jana. Nilipata kura moja. Nyumbani kwangu wapiga kura tuko wawili.

Aliingia na kandambili, akazima maji kwenye koki kubwa ya ngazini, akasema kwa upole kwamba godoro lake limelowa. Akasema kesho ataniletea fundi bomba wa jengo. Nilimwambia sihitaji fundi, nilikuwa najaribu tu presha. Akatazama dari linavyodondosha, akasema presha ipo.

Ijumaa, 8 Machi

Fundi bomba kaja hata hivyo. Alichungulia, akasema kinatakiwa kiungio kidogo chenye meno ya nje pande zote mbili, vinauzwa kila duka la vifaa, akauliza kama aingie. Nilimwambia nashukuru, nina mpango tofauti. Nikafunga mlango. Nikasubiri miguu yake iishe ngazini, nikapita nyuma kwenda duka la vifaa kununua kiungio kidogo chenye meno ya nje pande zote mbili.

Alikuwa dukani. Tukasalimiana.

Lakini mashine inafanya kazi! Nimezungusha tepu nyeupe, nimekaza kwa spana, hakuna hata tone linalovuja. Na sikiliza maajabu haya. Kitabu kinasema maji safi hutoka taratibu na kidogo, na ya kumwaga hutoka mengi. Kwangu ni kinyume kabisa. Mpira mwekundu unamwaga kama mto, ndoo ya kunywa imejaa kabla sijamaliza kufunga spana kwenye boksi. Wa bluu unadondosha kinyonge, tone baada ya tone. Sijasomea kazi hii na tayari nimekipita kiwanda.

Nimempigia shemeji, nikamuuliza juu juu tu, jagi lake linajaa kwa muda gani. Kasema ukiweka baada ya chai ya asubuhi, mchana unalikuta limejaa. Nikamwambia pole.

Jumapili, 10 Machi

Nimekunywa maji ya mashine kutwa nzima. Yana uzito fulani. Mwanzoni ulimi unashtuka, halafu koo, halafu tumbo. Nadhani ndivyo usafi ulivyo kwa mtu aliyezoea uchafu. Mchana nilitembelea choo mara nyingi kuliko kawaida. Mwili unajisafisha.

Nyumba iko kimya. Nimekuta kanga yake nyuma ya mlango, nikaiacha hapo hapo.

Alasiri tangi la jengo lilikauka, kama kawaida ya Jumapili. Mheshimiwa kabisha hodi. Ana wageni, mkewe anataka kupika chai, je, ninayo akiba ya maji? Nilikuwa nayo. Ndoo nyekundu imejaa, na ndoo ya bluu, ile ya uchafu iliyodondoka tangu Ijumaa, imejaa pia. Sijui wazo lilitoka wapi. Lilikuja lenyewe, limeshavaa viatu. Nikachukua kopo safi, nikamwekea kwenye dumu lake maji yote ya ndoo ya bluu, nikampa kwa mikono miwili. Nikamwambia majirani ni watu wa kusaidiana.

Alinishukuru mpaka nikaona haya kidogo. Kidogo tu. Nilikaa kwenye kiti nikiwawazia wageni wa mwenyekiti wakinywa chumvi ya jengo zima iliyokusanywa mahali pamoja, na kwa mara ya kwanza tangu mke wangu aondoke nikacheka peke yangu.

Jumatano, 13 Machi

Mheshimiwa hana ulimi wa kuonja. Karudi Jumatatu na dumu tupu kuniambia chai ile haijawahi kupikwa kwake, maziwa hayakukatika, wageni waliongeza vikombe. Je, anaweza kupata tena, hata nusu dumu? Nilimwambia asipande ngazi kwa umri wake, nitamletea mwenyewe. Tangu hapo kila jioni nikitoka kazini nambebea maji yake machafu. Mkewe ananipokea mlangoni na kuniita baba. Jana wamenipa sahani ya matunda. Nimekula matunda ya adui kwa raha zote.

Kazini mambo si mazuri. Nafanya kazi ofisi ya vifurushi, napima mizigo, naandika uzito, na pembeni yangu anakaa mama mmoja anayegonga mihuri. Jana nilimpelekea chupa ya maji yangu, aonje maendeleo. Alionja. Akauliza kama chupa ilikuwa na kitu kingine kabla. Akaimwagia ile mimea ya dirishani, na leo mimea inanitazama vibaya. Nami tumbo halijatulia. Birika langu limeshika chokaa nyeupe, nene, ukilitikisa linalia.

Haya yote si kitu. Nimezungumza na mke wangu, nikamwambia mashine imefungwa, tena na mimi, tena kwa rangi zake. Hakuelewa habari ya rangi lakini alicheka kidogo. Atakuja Jumamosi kuangalia. Nilimuuliza, maji yakiwa mazuri atabaki? Kasema tutaona.

Tutaona. Nimelirudia neno hilo wakati wote nikipiga pasi. Mtu asiyetaka kurudi husema hapana.

Jumamosi, 16 Machi

Sijui nianzie wapi.

Nilipiga deki asubuhi, nikatandika shuka jipya, nikaifuta mashine kwa kitambaa cha miwani. Alikuja na shemeji. Shemeji alibaki garini na hakuzima injini.

Mke wangu amenawiri. Inaniuma kusema hivyo, lakini amenawiri. Alizunguka nyumba, akagusa meza, akagusa pazia, kisha akaingia jikoni na kuitazama mashine. Akauliza kama kweli nimefunga mwenyewe. Nikamwambia mwenyewe, bila fundi. Akatabasamu lile tabasamu la zamani, la kabla sijaanza kumchosha. Nikammiminia glasi kutoka ndoo nyekundu.

Alikunywa, akasita, akameza kwa sababu ana adabu. Akasema ni yale yale. Akafikiri. Akasema labda chumvi imezidi. Nikamwambia ulimi unahitaji kuzoea, nikanywa glasi nzima mbele yake ili kumtoa wasiwasi, na tumbo likanguruma hapo hapo, akalisikia. Hakunicheka. Alinishika mkono, akasema angalau mara hii nimejaribu. Akasema anaweza kukaa mpaka jioni. Labda hata alale, maji atatumiwa kwenye dumu kutoka kwa kaka yake. Nilikuwa namwona anaongea na nilikuwa na furaha kiasi kwamba niliifuta mashine tena.

Ndipo mke wa Mheshimiwa akamwita kutoka ngazini, ashuke wasalimiane.

Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi alikuwa mtu mwingine. Hakukaa. Aliniuliza maji yaliyo kule chini ni ya nani. Amekunywa glasi mbili, matamu kuliko hata ya kwa kaka yake, na alipouliza yanatoka wapi, Mheshimiwa alimwambia: ni mumeo huyo, anatuletea kila jioni kwa mkono wake, hatujui tumlipe nini.

Nilielewa palepale, nimesimama, glasi mkononi. Bluu. Tangu mwanzo ni bluu.

Njia zilikuwa mbili. Niseme ukweli: nilikosea mipira, na yale niliyokuwa nambebea mzee wa watu kila jioni nilidhani ni uchafu, na nilimpa kwa sababu hiyo. Au ninyamaze, aamini kwamba nampa jirani maji matamu na yeye mgonjwa nampa chumvi. Zote mbili mbaya. Nikatafuta ya tatu. Nikasema Mheshimiwa ni mwongo, ananunua maji yake dukani, anataka kuvunja nyumba yangu kwa sababu ya uchaguzi.

Hakupaza sauti, na afadhali angepaza. Alisema kwamba siku zote ndivyo ilivyo, watu wa nje wananijua kama mtu mwema, ananisifia kila mtu, na yeye ndani anapata kinachobaki. Akasema alidhani mara hii ingekuwa tofauti. Kisha akaingia chumbani, akashusha sanduku kubwa.

Shemeji alipanda kulibeba. Mlangoni akaniuliza, kwa sauti ile, kama ningependa aangalie mipira. Nikamwambia mipira iko sawa.

Jumapili, 17 Machi

Nimeonja mpira wa bluu. Matamu. Matamu kabisa, kama maji ya mvua vumbi likishaisha. Nimelia kidogo, nimeinamia sinki, ili akiingia mtu niseme nanawa. Hakuingia mtu.

Nilishika simu nimpigie nimwambie ukweli wote. Nikakumbuka atamwambia kaka yake. Kaka yake atamwambia fundi wake, mafundi wanajuana, na yule wa jengo atajua. Nikaiweka simu.

Mheshimiwa kabisha jioni, ana wasiwasi, jana hakuona maji. Nimempa. Sikuwa na namna, kanikuta ndoo ya bluu iko mkononi. Yangu nimebaki nayo ile nyekundu.

Nimekaa kufikiri kosa ni la nani. Si langu, hilo liko wazi, mimi nilifuata utaratibu. Kiwanda kina lawama, na mtu wa fotokopi. Lakini ukienda mpaka kwenye mzizi, nani aliyesema katika nyumba hii kwamba nyekundu ni ya kunywa? Nani alininunia wiki nzima kwa kutumia ya bluu? Nimepumua. Mzigo wote umenitoka kifuani. Kumbe ni sheria yake mwenyewe! Akielezwa kwa utulivu ataona kwamba hana sababu ya kunikasirikia, na atarudi.

Jumanne, 19 Machi

Nimempigia nikamweleza kwa utulivu. Nilianza na kiwanda, nikapita kwenye fotokopi, nikamalizia na ndoo zake. Nilimwambia simlaumu, namwonyesha tu chanzo.

Akauliza, kwa hiyo yule mzee nilikusudia kumpa uchafu? Nikamwambia hilo ni suala la pembeni, tusitoke kwenye mada. Akacheka, lakini hakikuwa kicheko cha kunirudishia moyo. Akasema kijiwe kimetoka, daktari ameridhika, anaweza kunywa maji yoyote sasa. Nikasema basi tatizo limekwisha. Akasema hapana. Amepata chumba karibu na kazini kwake, kaka yake atamsaidia kuhamia mwisho wa mwezi. Akasema si maji, na haijawahi kuwa maji. Akaniambia na mimi ninywe ya bluu, nilitunze tumbo langu. Kisha akaniaga kwa jina langu, jina kamili, kama mtu anayesoma orodha hospitalini.

Nimekaa na maneno yake jioni nzima. Nimehuzunika sana, naandika hivyo bila kuficha. Chai nimeiacha ikapoa.

Lakini yeye ni mwanamke wa kupima maneno, hasemi kitu bure. Amesema si maji. Kama si maji, ni kitu kingine humu ndani, nami ni wajibu wangu kukitafuta. Nimezunguka na taa chumba kwa chumba, na nimekiona. Ni bafu. Vigae vitatu vimebanduka juu ya beseni, na sasa nakumbuka alivilalamikia zamani sana, nami nilikuwa nasoma gazeti.

Maskini mke wangu, kumbe ni vigae tu. Kesho nakwenda kununua saruji, nitavibandika mwenyewe, na sitaita fundi.